Kusomea uraghbishi na utetezi wa jamii katika chuo cha jamii Marekani: je, kunamfaa mtu anayeanza upya?

Neema wa Louisville

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Naomba ushauri wa wale waliosomea kazi ya kuwaunganisha wakazi na kutetea haki zao hapa Marekani, au wanaoifanya, kwa sababu muda wa kujiandikisha kwa muhula ujao unakaribia kwisha nami bado sijaamua.

Nimelelewa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na huko ndiko nilikomaliza sekondari kwa mtaala wa Kongo. Nilipokelewa Marekani kama mkimbizi, na sasa ninafanya kazi ya usiku katika ghala la vifurushi hapa Kentucky. Mchana, nikipata nguvu, huwasindikiza akina mama wa kanisani kwetu kwenda shuleni kwa watoto wao, hospitalini, na mara nyingi zaidi kwa wenye nyumba ambao hawatengenezi bomba wala kipasha joto mpaka waambiwe kwa Kiingereza. Siikatai kazi hiyo, lakini nimeanza kujiuliza kwa nini kila familia ipelekwe peke yake kudai jambo lile lile ambalo jirani yake alilidai wiki iliyopita.

Nimepata chuo kimoja cha jamii (community college) chenye programu ya miaka miwili ya uraghbishi wa jamii na utetezi. Nimesoma orodha ya masomo yake, nayo imenivutia, ila sijaelewa inatofautiana vipi na ustawi wa jamii, na sijui kama cheti chake kitanipatia kazi au nitalazimika kuendelea hadi shahada ya kwanza. Jambo jingine linalonisumbua ni kwamba bado sina uraia, na nimeonywa na watu wawili watatu kwamba mgeni asiye raia hapaswi kusimama mbele ya madiwani na kuilalamikia serikali. Mume wangu, kwa upande wake, haoni sababu ya mimi kuacha kusomea uuguzi, ambao ajira zake zinajulikana, nikakimbilia jambo ambalo hata jina lake ni gumu kuwaeleza wazazi. Sitaki kumbishia bila hoja. Naomba mniambie mnachokijua.

Baraka, Columbus

Dada Neema, swali ulilojiuliza mwishoni mwa aya yako ya pili ndilo somo lenyewe, kwa hiyo nitaanzia hapo kabla ya kugusa mambo ya vyeti.

Mtoa huduma humchukua mama mmoja mwenye kipasha joto kilichoharibika, akampeleka kwa mwenye nyumba, kipasha joto kikatengenezwa, na mama akarudi nyumbani akishukuru. Mraghbishi huanza kwa kugonga milango ya jengo zima ili ajue ni wangapi wana shida hiyo, huketi na kila mmoja nusu saa akimsikiliza zaidi kuliko anavyosema, huwatafuta wale wawili au watatu ambao majirani huwaamini, kisha huwaacha hao wenyewe waitishe kikao, wachague la kudai, na wamwite mwenye nyumba aje kwao. Huduma haina ubaya, na usiku wa baridi kali hakuna mtu anayetaka kusubiri kikao. Lakini baada ya huduma, mwenye nyumba bado ana nguvu zile zile alizokuwa nazo jana, na mpangaji naye yuko pale pale. Ustawi wa jamii hujikita zaidi katika upande wa kwanza, na programu unayoitazama, ikiwa inafundishwa inavyopaswa, hujikita katika upande wa pili.

Utakutana na jina la Saul Alinsky, mraghbishi maarufu wa Chicago, mapema sana darasani. Mwaka 1939 alishirikiana na Joseph Meegan kuanzisha baraza la mtaa wa Back of the Yards, nyuma ya machinjio makubwa ya Chicago, mahali ambapo Wapolandi, Walithuania, Waslovakia na Waairishi waliishi mtaa mmoja lakini kila kundi lilikuwa na parokia yake na halikuaminiana na jingine. Hakuwaendea mmoja mmoja tu, bali alizikusanya parokia, vilabu na chama cha wafanyakazi wa machinjio katika meza moja. Mwaka uliofuata alianzisha Industrial Areas Foundation, mtandao wa uraghbishi ambao ungali unafanya kazi, na ni kupitia mtandao huo mraghbishi Fred Ross alilipwa kwenda kuwakusanya Wamarekani wenye asili ya Mexico huko California, ambako mwaka 1952 alimkuta kijana wa San Jose aitwaye César Chávez na kumfundisha kuendesha mikutano midogo ya nyumbani. Mgomo wa wavuna zabibu wa Delano, California, wa mwaka 1965, ambao Chávez alikuwa mmoja wa viongozi wake, ulisimama juu ya ujuzi uliopatikana sebuleni kwa watu. Nakueleza haya kwa sababu watu wetu wengi leo wako katika viwanda vya nyama na maghala, na wamegawanyika kwa makanisa na makabila kama walivyokuwa wale wa Chicago, kwa hiyo historia hiyo isikupite kama habari za kale za Wazungu.

Kuhusu masomo yenyewe, stashahada ya miaka miwili kwa kawaida huwa na krediti (vipimo vya kuhesabia masomo) zipatazo 60, na somo moja huwa na krediti 3. Sehemu kubwa itakuwa masomo ya jumla: uandishi wa Kiingereza, sosholojia, saikolojia, hisabati au takwimu, mawasiliano, na serikali za majimbo na miji. Masomo ya fani ni machache kuliko unavyodhani, na humalizika kwa mafunzo kwa vitendo katika asasi fulani. Mimi naona kwamba somo la serikali za majimbo na miji ndilo lenye faida kuliko yote, ingawa wanafunzi wengi hulichukua kwa kuwa ni la lazima tu. Ndilo linalokufundisha kwamba kituo cha basi kinaweza kuwa chini ya mamlaka ya usafiri huku barabara iliyo mbele yake ikiwa ya jimbo na njia ya waenda kwa miguu ikiwa ya jiji, na kwamba barua nzuri iliyopelekwa kwenye ofisi isiyohusika haina thamani. Linakufundisha pia kalenda ya bajeti. Miji mingi huanza mwaka wake wa fedha tarehe 1 Julai, mingine Januari, na vikao vya kusikiliza maoni ya wananchi hutangulia kura ya madiwani kwa wiki chache. Nimewaona viongozi wetu wa jumuiya wakifika ukumbini wamevaa vizuri, wana hotuba nzuri, na bajeti imepitishwa mwezi uliotangulia.

Sasa niseme la vyeti, kwa sababu hapo ndipo watu hupoteza pesa. Vyuo vya jamii hutoa stashahada za namna mbili zinazofanana majina. Moja imetengenezwa ili mwanafunzi aendelee na shahada ya kwanza, nayo huandikwa A.A., na nyingine imetengenezwa ili mwanafunzi aingie kazini moja kwa moja, nayo huandikwa A.A.S. Ukichukua ile ya pili kisha ukataka kuendelea, chuo kikuu kinaweza kukataa krediti zako nyingi za fani na ukajikuta unalipia upya ulichokwisha soma. Kabla hujajiandikisha, mwombe mshauri wa masomo akuonyeshe makubaliano ya uhamisho yaliyoandikwa, yanayotaja chuo kikuu kwa jina na kila somo kwa namba yake. Akikujibu kwamba krediti zake “kwa kawaida hupokelewa”, hajajibu swali. Na kama mbele ya safari utataka leseni ya ustawi wa jamii, fahamu kwamba leseni hizo hudai shahada iliyotolewa na programu yenye ithibati ya baraza la elimu ya ustawi wa jamii, CSWE, kwa hiyo stashahada hii itakuwa ngazi tu ya kukufikisha huko.

Kalume, Minneapolis

Nimesoma maelezo ya Ndugu Baraka nami nakubaliana naye, ila naomba nimtetee kidogo mume wa Dada Neema, kwa kuwa hayupo hapa.

Kazi nyingi zinazopatikana kwa stashahada hii ni za wasaidizi wa huduma za jamii, na mishahara yake, kwa takwimu za kazi za serikali kuu za miaka ya karibuni, imekuwa takriban dola 40,000 hadi 45,000 kwa mwaka kwa mtu wa katikati. Muuguzi aliyesajiliwa, ambaye naye anaweza kuanzia chuo hicho hicho cha jamii kwa stashahada ya miaka miwili, hupata karibu mara mbili ya hapo. Tena nafasi nyingi za uraghbishi hutegemea ruzuku za mwaka mmoja au miwili, na ruzuku ikiisha, mradi hufungwa hata kama kazi ilikuwa nzuri. Nimefanya kazi katika asasi ambayo ilitupatia barua za kuachishwa kazi wiki ile ile tuliyoshinda jambo tulilolipigania mwaka mzima. Simshauri mtu aache wito wake, lakini mwenye watoto na kodi ya nyumba ana haki ya kujua hesabu hizi kabla ya kuamua.

Kuna njia ya katikati ambayo haizungumzwi sana. Wahudumu wa afya ya jamii wanahitajika, majimbo kadhaa yakiwemo Kentucky na Minnesota yanawatambua rasmi, na katika baadhi ya majimbo kazi yao hulipwa kupitia Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, jambo linaloifanya ajira yao kuwa imara kuliko ile inayosubiri mfadhili. Mtu anayeongea Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza anaweza kuingia kwa mlango huo huku akisoma masomo ya utetezi jioni.

Msomaji wa Sheria Ndogondogo

Mimi si wakili, ila nimefanya kazi kwa muda mrefu katika ofisi inayowasaidia wahamiaji kujaza fomu zao. Nimeona kwamba wote mmelipita swali la uraia, nalo si dogo.

Waliokuonya, Dada Neema, wamechanganya mambo mawili. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanalinda haki ya watu kukusanyika kwa amani na kuiomba serikali irekebishe kero zao, na Katiba haikusema raia, imesema watu. Mkazi asiye raia anaweza kuhudhuria kikao cha madiwani, kuzungumza kwa dakika zake anapoitwa, kumwandikia mbunge wa jimbo lake, na kuwasaidia wenzake kufanya hivyo. Kentucky ina sheria ya mikutano ya wazi tangu mwaka 1974, ambayo inavitaka vyombo vya umma, zikiwemo bodi za shule, kufanya maamuzi yao mbele ya wananchi isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa, na hakuna mahali inapomtaka msikilizaji aonyeshe pasipoti mlangoni.

Kisichoruhusiwa ni kupiga kura katika uchaguzi wa serikali kuu, na hata kujiandikisha tu kuwa mpiga kura kwa kudai kuwa raia. Hapa naomba niwe mkali, kwa sababu wapo watu wema waliojikuta hatarini kwa kosa la namna hii. Tangu mabadiliko ya sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996, mtu anayedai uraia kwa uongo ili apate faida fulani, au anayepiga kura kinyume cha sheria, anaweza kuondolewa nchini. Mwanafunzi wa uraghbishi atatumwa mitaani kuandikisha wapiga kura, na mara nyingi mtu wa kwanza anayewekewa fomu mbele yake ni yeye mwenyewe. Isukume fomu hiyo kando na useme bado. Kama asasi unakofanyia mafunzo inafanya kazi hiyo, waulize pia kama jimbo linamruhusu asiye raia kuwaandikisha wengine, kwa kuwa sheria za majimbo hazifanani.

Tahadhari nyingine ni ya maandamano. Kuandamana kwa amani ni halali, lakini fomu ya kuomba uraia, N-400, humuuliza mwombaji kama amewahi kukamatwa, hata kama hakushtakiwa, na kukamatwa ambako raia angekusahau baada ya wiki moja kunaweza kumchelewesha mgeni kwa miaka. Kwa hali ya siasa ilivyo sasa, mwanafunzi asiye raia achague kazi zake ndani ya harakati kwa busara: kuna kuhesabu milango, kuna kutafsiri, kuna kuandaa wasemaji, kuna kuandika kumbukumbu za vikao, na hakuna kati ya hizo iliyo ya daraja la chini. Kwa mkimbizi, miaka mitano ya kusubiri uraia huhesabiwa tangu siku aliyopokelewa nchini, ilimradi ameomba na kupata kadi ya kijani, yaani ya ukazi wa kudumu, ambayo huruhusiwa kuiomba baada ya mwaka mmoja. Huenda ukahitimu na kuapa katika kipindi kimoja.

Jambo la mwisho la kisheria utalifundishwa darasani, lakini ni vizuri ulijue mapema. Asasi nyingi utakazofanya nazo mafunzo zimesajiliwa kwa kifungu cha 501(c)(3) cha sheria ya kodi, kinachohusu asasi zisizo za faida. Tangu mwaka 1954 asasi hizo zimekatazwa kabisa kumpigia kampeni mgombea au kumpinga. Kuwashawishi wabunge kuhusu mswada ni jambo tofauti, nalo linaruhusiwa kwa kiasi, na tangu mwaka 1976 asasi inaweza kuchagua kupimwa kwa asilimia ya matumizi yake, yaani asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza, kisha viwango vinapungua. Wakurugenzi wengi waoga huwaambia wafanyakazi wao kwamba utetezi wote ni marufuku. Hiyo si kweli, na mwanafunzi anayejua kifungu hicho huwa na faida kubwa ofisini.

Halima, afisa maendeleo ya jamii, Morogoro

Nawasoma kutoka Tanzania, na samahani kama ninaingilia mambo ya ughaibuni, lakini Neema amekulia kwetu Kigoma na nadhani kuna jambo la kumsaidia katika tunayoyafanya huku.

Kwetu, aliyesomea maendeleo ya jamii, kwa mfano pale Tengeru karibu na Arusha, kwa kawaida hulenga kuajiriwa na halmashauri. Kazi yake ni kukaa na wananchi wabainishe fursa na vikwazo vyao, kuwasaidia kuunda vikundi, na kufuatilia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Jukwaa lake lipo kisheria tayari, kwa kuwa kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Ugumu wetu ni kwamba anayetulipa mshahara ndiye huyo huyo ambaye wananchi wanataka kumhoji, na afisa mwenye akili hujifunza kuwapa wananchi taarifa ya mapato na matumizi kisha akae kimya wao waulize. Kwa maelezo ya Kalume naona huko Marekani ugumu umehamia kwa mfadhili, lakini ni ule ule. Ndiyo maana ningemshauri Neema, kila anapoangalia asasi ya kufanyia mafunzo kwa vitendo, aulize kwanza bajeti yake inatoka wapi. Asasi inayoishi kwa ada ndogo za wanachama wake hutetea wanachama. Asasi inayoishi kwa ruzuku ya jiji hutetea kwa sauti ya chini, hata kama watu wake ni waadilifu.

Lipo pia jambo la kihistoria ambalo hunifurahisha sana kila ninapolifikiria. Vyuo vyetu vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, vilichukua mfano wa shule za wananchi za nchi za Skandinavia, ambako watu wazima hukaa bweni pamoja na kujifunza bila mitihani ya kuwachuja. Shule hizo hizo ndizo alizokwenda kuzitazama Myles Horton nchini Denmark, na aliporudi mwaka 1932 alishiriki kuanzisha Highlander Folk School katika milima ya Tennessee, jimbo linalopakana na Kentucky anakoishi Neema. Rosa Parks, mwanaharakati Mweusi wa haki za raia, alihudhuria mafunzo Highlander katika kiangazi cha mwaka 1955, miezi michache kabla ya kukataa kuachia kiti chake ndani ya basi la Montgomery tarehe 1 Desemba. Husimuliwa kama mwanamke aliyechoka baada ya kazi, lakini alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, kwa miaka mingi, na usiku ule ule wa kukamatwa kwake Jo Ann Robinson na wenzake wa baraza la kisiasa la wanawake walikesha wakichapisha maelfu ya vipeperushi vya kuwataka watu wasusie mabasi, kwa kuwa mpango wa mgomo walikuwa nao kabla. Jimbo la Tennessee liliifunga shule hiyo mwaka 1961, nayo ikasajiliwa upya na inaendelea hadi leo, hivi sasa ikiwa New Market. Ningekuwa jirani nayo ningekwenda kuitembelea kabla hata ya kulipa ada ya chuo chochote.

Asha, Bronx

Mimi ni mwanafunzi wa huduma za jamii katika chuo cha jamii hapa New York, na ninafanya kazi mchana, kwa hiyo nitasema yale ya kawaida ambayo waliosoma zamani huyasahau.

Kiingereza cha kuzungumza na mwenye nyumba hakitoshi kwa darasa la uandishi. Chuo kitakupima, na kikiona hujafika kitakuweka kwenye masomo ya Kiingereza ambayo huenda hayahesabiki kwenye zile krediti 60. Tatizo lake si aibu, ni pesa. Ruzuku ya Pell ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, ambayo kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2024–2025 na ambayo hairudishwi kama mkopo, ina kikomo cha maisha kinacholingana na mihula 12 ya kusoma kwa muda kamili. Mtu akitumia mihula minne kwa Kiingereza peke yake, atajuta akifika mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza. Wilaya nyingi za shule na maktaba zina madarasa ya Kiingereza ya watu wazima yasiyo na ada. Yamalize hayo kwanza, ndipo uguse ruzuku yako. Na ukishaipokea, fahamu kwamba vyuo vingi hudai wastani wa alama angalau 2.0 kati ya 4.0 na uwe umefaulu takriban theluthi mbili ya krediti ulizojiandikisha, vinginevyo msaada husitishwa. Anayefanya kazi ya usiku asichukue masomo manne kwa pamoja ili tu amalize haraka.

Nikirudi kwenye mada yenyewe, vyuo hivi navyo ni mfano mzuri wa kile unachotaka kusomea. Hapa kwetu kuna Chuo cha Jamii cha Hostos, kilichoanzishwa mwaka 1968 baada ya wakazi wa Bronx ya Kusini, wengi wao wenye asili ya Puerto Rico, kudai chuo kitakachowafundisha watoto wao kwa Kihispania na Kiingereza. Jiji lilipoishiwa fedha katikati ya miaka ya 1970, uamuzi ulitolewa wa kukiunganisha na chuo kingine, yaani kukifuta. Wanafunzi, walimu na wakazi waliandamana, wakayakalia majengo, wakawafuata wabunge wa jimbo hadi Albany, makao makuu ya jimbo, na mwaka 1976 chuo kikaokolewa. Kinafundisha hadi leo. Mwalimu wetu hutuuliza nani hasa alikuwa na uwezo wa kubadili uamuzi ule, bodi ya vyuo, meya au bunge la jimbo, na darasa hubishana saa nzima. Nimejifunza zaidi katika ubishi huo kuliko katika sura nyingi za kitabu.

Neema wa Louisville

Nawashukuru sana, Kaka Baraka, Baba Kalume, Dada Halima, Dada Asha na ndugu yetu wa sheria. Nimemsomea mume wangu majibu yote, likiwemo la Baba Kalume ambalo alilishangilia. Tumekubaliana kwamba nisome masomo ya jumla yanayohesabika kote kuwili, kwa uuguzi na kwa programu hii, katika mihula ya kwanza, kisha niamue.

Nimebaki na mambo mawili. Vyeti vyangu vya sekondari ni vya Kifaransa na nusu ya karatasi zilibaki kambini. Je, chuo kitanipokea? Na je, nikiwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, ninaweza kuomba niwekwe mahali ambapo tayari nina watu, yaani miongoni mwa wapangaji wa jengo letu na akina mama wa kanisani, au lazima niende kwenye asasi nitakayopangiwa?

Baraka, Columbus

La karatasi lina njia mbili. Kama una cheti cha mwisho, hata bila ripoti za kila mwaka, kuna taasisi za kutathmini elimu ya nje, na vyuo vingi hupokea tathmini kutoka taasisi zilizo wanachama wa NACES, umoja wa taasisi hizo, ila utalipia tathmini hiyo na tafsiri. Kama hata cheti hicho kimepotea, usihangaike kuandika barua Kongo kwa miaka miwili. Fanya mtihani wa GED, unaokupa cheti kinacholingana na cha sekondari, ambao una sehemu nne: hisabati, lugha, sayansi na masomo ya jamii. Ile ya masomo ya jamii huuliza sana juu ya Katiba na serikali ya Marekani, kwa hiyo muda utakaoutumia kuisomea hautapotea hata ukibadili fani.

Kuhusu mafunzo kwa vitendo, chuo kwa kawaida hudai asasi iliyosajiliwa, msimamizi mwenye sifa, na mkataba wa saa, hivyo jengo lenu peke yake halitakubaliwa. Lakini unaweza kutafuta asasi ya haki za wapangaji au ya wahamiaji iliyo tayari kukusimamia ufanye kazi katika jengo hilo, ukaipeleka kwa mratibu wa mafunzo mapema, muhula mmoja kabla, ukiwa na barua yao mkononi. Waratibu wengi wana orodha ya zamani ya maeneo na hufurahi mwanafunzi akiwaletea jipya. Muhimu ni kwamba mkataba uandike kazi yenyewe: mazungumzo ya ana kwa ana na wapangaji, kuandaa vikao, kutafuta kumbukumbu za ukaguzi wa majengo katika ofisi za jiji. Usipoyaandika hayo, kwa kuwa unajua lugha tatu, watakuketisha mapokezi utafsiri simu mpaka saa zako ziishe.